Je, Wajua? Anayesomea Kikorea Hakariri Maelfu ya Alama

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anayesomea Kikorea chuo kikuu huanza kwa kukariri maelfu ya alama, kama anayesomea Kichina. Nilikosea. Kikorea kina alfabeti, kama Kiswahili, na herufi zake za msingi ni 24 tu. Kilichonipotosha ni mpangilio. Tazama 한: inaonekana alama moja, kumbe ni silabi "han" iliyopangwa ndani ya kisanduku, ㅎ (h) na ㅏ (a) juu, ㄴ (n) chini. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kusoma kwa sauti ndani ya siku chache, hata kabla ya kuelewa anachokisoma.

Mwandiko huu, Hangul, ulibuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446. Kabla ya hapo Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina.

Uzuri wake hasa umo katika maumbo. Tamka "n" polepole. Ncha ya ulimi imepanda nyuma ya meno ya juu, na ukiutazama ulimi huo kwa ubavuni utaiona ㄴ. Tamka "k": shina la ulimi limeinuka likaziba koo, nayo ni ㄱ. Herufi ㅁ (m) ni mdomo. Haya si makisio ya wapenzi wa lugha. Yameelezwa katika kitabu chenyewe kilichoutangaza mwandiko huu mwaka 1446, ambacho nakala yake ilipatikana 1940. Hata hivyo, wapo wanazuoni wanaoona pia athari ya mwandiko wa Phags-pa wa enzi za Wamongolia, na hoja hiyo bado inabishaniwa.

Sauti ikiongezewa nguvu, herufi huongezewa mstari: ㄱ huwa ㅋ, ㄷ (d) huwa ㅌ (t). Mswahili wa Mombasa atalishika hili haraka. Weka kiganja mbele ya midomo useme paa la nyumba, kisha p'aa, yule mnyama wa porini. La pili linapuliza kiganja. Kiswahili sanifu hakiandiki tofauti hiyo, Hangul inaiandika. Lakini Kikorea kina sauti ya tatu, ya kukaza koo: dal ni mwezi, tal ni kinyago, ttal ni binti. Tena kwa vijana wa Seoul, dal na tal siku hizi hutofautishwa zaidi kwa kupanda na kushuka kwa sauti kuliko kwa pumzi.

Alama za Kichina nazo humngoja anayechagua historia: kumbukumbu za wafalme wa Joseon, nasaba ya Sejong, ziliandikwa kwa Kichina cha kale.