Inveta kwenye mashine ya kukereza: usitupe pulii zako

Gogo la mninga lenye upana wa sentimita 35, upande mmoja bado lina gome, halitaki kuanzishwa kwa mizunguko 700 kwa dakika. Lakini 700 ndiyo ilikuwa kasi ya chini kabisa ya keezo langu, hata mkanda ukiwa kwenye pulii ndogo ya mota. Nikiwasha, mashine nzima inatembea sakafuni. Mtikisiko unafuata mraba wa kasi: punguza kasi kwa nusu, mtikisiko unabaki robo. Nilihitaji 350 hivi, na pulii zangu hazikuwa nayo.

Nilianza kwa njia ambayo mafundi wengi huanza nayo, nayo ni mbaya. Nilifunga kile kidude cha kupunguza umeme kinachouzwa kwa ajili ya grainda. Grainda na drili zina mota ya kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), na kasi ya mota hiyo inafuata volti. Mota ya keezo haina kaboni. Kasi yake inafuata Hz za umeme (mizunguko ya umeme kwa sekunde) na idadi ya poli, yaani ncha za sumaku, zilizosukwa ndani: poli nne kwa Hz 50 ni mizunguko 1,500, ukitoa utelezi, yaani mota kubaki nyuma kidogo ya sumaku, unapata 1,420 hivi. Ukiipunguzia volti peke yake, inang'ang'ania kasi ileile huku nguvu zimekwisha. Patasi ikigusa mbao, mota inazama, swichi ya ndani inarudisha kapasita ya kuwashia, na waya zinaungua. Yangu iliungua mchana mmoja tu, ikaenda kusukwa upya.

Kinachofaa ni inveta ya mota, si ile ya sola. Inachukua fezi moja ya volti 230, inaigeuza kuwa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) ya volti 325 hivi, kisha inaikatakata kutengeneza fezi tatu zenye Hz unazozitaka. Hz zikishuka, volti nazo zinashuka kwa uwiano, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha haipotei. Ila lazima mota iwe ya fezi tatu. Ile ya fezi moja yenye kapasita iache. Kabla hujalipia, soma kibao cha mota: ukikuta volti 230/400, fungua boksi la waya uhamishe vile vipande vitatu vya shaba kutoka staa kwenda delta (namna mbili za kuunganisha waya za mota), ndipo itakula volti 230. Ukikuta 400/690, mrudishie mwenye duka.

Sasa nije kwenye jambo ninalobishana nalo na mafundi wenzangu kila wiki. Mtu akishafunga inveta anaona pulii hazina kazi tena. Anaacha mkanda kwenye kasi ya kati, kisha anashusha hadi Hz 12 ili akereze bakuli. Mota hiyo inazungusha feni yake ya kujipoza kwa robo ya kasi, na ndani ya nusu saa huwezi kuweka kiganja juu yake. Na bado bakuli linasimama patasi ikiingia, kwa sababu nguvu ya kuzungusha kwenye shafti inazidishwa na pulii, inveta haiizidishi. Hamishia mkanda kwenye kasi ya chini, endesha mota kati ya Hz 25 na 60: hapo mashine yangu inanipa 350 hadi 840, na ina nguvu. Miguu ya vitanda nairudishia mkanda wa kasi ya juu. Sekunde 30 za kuhamisha mkanda si gharama.

Kusimama nako kuna hatari yake. Inveta inaweza kusimamisha mota kwa sekunde moja, lakini bakuli zito halisimami kirahisi hivyo. Sahani yangu ya chuma, ile inayoshika bakuli, imefungwa kwenye shafti kwa nyuzi za skrubu. Shafti ikisimama ghafla, bakuli linaendelea kuzunguka na kujifungua lenyewe, likuangukie miguuni. Niliweka sekunde 12 za kupunguza kasi. Kuzunguka kinyume nimekufunga kabisa kwenye mipangilio, kwa sababu hiyohiyo.

Umeme ukikatika na kurudi, mashine isijiwashe. Hilo nalo liko kwenye mipangilio, likague kwa kuzima swichi kuu na kuiwasha tena ukiwa umesimama pembeni. Usiweke swichi kati ya inveta na mota, utaiua inveta. Waya ya ethi iende kwenye mwili wa mota na wa mashine. Ukizima, subiri dakika kumi kabla hujafungua kifuniko, kapasita za ndani bado zimeshika umeme. Na inveta ikae kwenye boksi lililozibwa, mbali na maranda. Unga wa mbao unaingia kila mahali.

Jana nilikuwa na gogo jingine la mninga, limepinda. Kwa 430 mashine ilinguruma hadi vikombe vikagongana kwenye rafu. Nikasogeza voliamu ya inveta (kile kitufe cha kuzungusha cha kubadili kasi) kidogo tu, ikafika 465, ikawa imeipita kasi ile inayoitikisa mashine zaidi, kimya. Nyuzi ndefu za mbao zikaanza kutoka kwenye patasi bila kukatika.