Utegemezi wa matoleo kwenye Linux, na kwa nini mfumo hugoma kupandishwa

Utegemezi wa matoleo ni masharti yanayobebwa na kila kifurushi cha programu: ili kifanye kazi, lazima kifurushi fulani kingine kiwepo, na toleo lake lisiwe chini ya kiwango fulani. Programu za Linux hazibebi kila kitu zenyewe. Kazi kama kusimba mawasiliano huachiwa maktaba zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, kwa hiyo ukigusa maktaba moja umezigusa zote zinazoiegemea.

Kwenye Debian na Ubuntu, mifumo miwili ya familia ya Linux, masharti hayo yako wazi. Andika apt show (apt ni programu ya kusakinisha na kupandisha vifurushi) na jina la kifurushi, utaona mstari wa Depends wenye maneno kama libc6 (>= 2.34), yaani maktaba ya libc6 ya toleo 2.34 au la juu zaidi. Mistari ya Conflicts na Breaks hutaja visivyokaa pamoja. Kupiga hesabu ya masharti yote hayo kwa mpigo ndiyo kazi ya apt, iliyoingia kwenye Debian 2.1 mwaka 1999. Na hesabu yenyewe ina mitego: 1.10 ni kubwa kuliko 1.9, huku 2.0~rc1, toleo la majaribio, ikihesabiwa chini ya 2.0.

Chukua steshenari ya Sinza, Dar es Salaam, yenye kompyuta ya Ubuntu 20.04, ambayo ndani yake kuna programu iliyopakuliwa moja kwa moja kwa mtengenezaji, nje ya hazina za Ubuntu, yaani maghala ya mtandaoni ambako apt huchukua vifurushi. Programu hiyo inadai libssl1.1, maktaba ya kusimba mawasiliano inayotoka kwenye OpenSSL 1.1.1. Mwenye duka akipanda hadi 22.04, anakuta mfumo mpya unatumia libssl3, na libssl1.1 haimo tena kwenye hazina. Akijaribu kuisakinisha upya ile programu, apt inagoma.

Hapo wengi hukimbilia kutafuta faili la libssl1.1 popote mtandaoni na kulisukumiza ndani. Kweli, programu itawaka, maana maktaba hizo mbili zina majina tofauti na zinaweza kukaa pamoja. Lakini OpenSSL 1.1.1 iliacha kupokea marekebisho ya bure ya usalama Septemba 2023. Kwenye mashine inayopokea vyeti na vitambulisho vya wateja kutwa nzima, sioni sababu ya kuwaweka watu kwenye hatari hiyo. Mdai mtengenezaji toleo jipya, au tafuta programu nyingine.

Kabla ya kupandisha chochote, jua tofauti ya amri mbili. apt upgrade haiondoi kifurushi kilichopo. Ikiona sasisho fulani haliwezekani bila kuondoa kitu, inaliacha kando. apt full-upgrade ina ruhusa ya kuondoa ili hesabu ikubali. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kubonyeza Y, soma orodha iliyo chini ya REMOVED, jina kwa jina. Ukiona humo mazingira yako ya kazi au hifadhidata ya duka, jibu hapana. Kisha tumia apt policy kuona kila toleo linatoka hazina gani. Mara nyingi mkorofi ni hazina ya nje iliyoongezwa zamani ikasahaulika, au kifurushi kilichofungwa kisipandishwe kwa apt-mark hold. Ukitaka kujaribu bila kubadilisha kitu, apt -s full-upgrade itakuonyesha mpango mzima.

Kwa Dar kuna mambo mawili zaidi ya kufikiria: bando na umeme. Bando likiisha katikati ya kupakua, hakuna kilichoharibika. apt hupakua kwanza ndipo isakinishe, na vilivyokwisha kufika hubaki kwenye /var/cache/apt/archives, kwa hiyo ukirudia amri utaendelea pale ulipoishia. Umeme ukikatika wakati wa kusakinisha ndiyo balaa, maana baadhi ya vifurushi vinabaki vimefunguliwa bila kusanidiwa na masharti yao hayajatimia. Kwa hiyo tenganisha hatua hizo: pakua usiku kwa kuongeza --download-only kwenye amri, sakinisha ukiwa na UPS au betri iliyojaa. Umeme ukikuwahi hata hivyo, anza na dpkg --configure -a, inayomalizia kusanidi vilivyobaki, kisha apt --fix-broken install, inayorekebisha masharti yasiyotimia, na hapo pia soma orodha ya vinavyotaka kuondolewa kabla ya kukubali.