Kwa nini SMU peke yao walipewa "adhabu ya kifo"

Kazi yangu ni kanuni za michezo, na kila nikigusa usajili wa vyuo vya Marekani swali ni lilelile: mbona SMU peke yao? Vyuo vilivyohonga wachezaji ni vingi, lakini katika futiboli ya Kimarekani ya ngazi ya juu ni Southern Methodist (ndio SMU), chuo cha Dallas, tu kilichowahi kufutiwa msimu mzima.

Msifikirie usajili wa dirisha na ada ya uhamisho. Enzi zile kijana aliyetakiwa na chuo aliruhusiwa kulipiwa masomo, chumba, chakula na vitabu, basi. Hata nauli ya mama yake kuja kutazama mechi ilikuwa kosa. Kwa hiyo fedha za pembeni zilitoka kwa matajiri wenye mapenzi na timu, na Texas ya miaka ya 1980, kwa mafuta na majengo yake, haikupungukiwa nao.

SMU walikuwa wateja wa kudumu wa kamati ya nidhamu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Agosti 1985 wakaadhibiwa tena, miezi michache tu baada ya vyuo wanachama kupitisha kanuni kwamba anayerudia kosa kubwa ndani ya miaka 5 anaweza kufungiwa mchezo wenyewe; hiyo ndiyo "adhabu ya kifo". Hapa ndipo kesi inaponoga. Wakubwa wa chuo walijua kuna wachezaji wanaopokea fedha kila mwezi. Waliogopa kwamba wakikatiwa ghafla watasema. Wakakubaliana waliokwisha kuahidiwa waendelee kulipwa hadi waondoke, wasiongezwe wapya. Wachezaji 13 walipata jumla ya kama dola 61,000, kila mmoja kati ya dola 50 na 725 kwa mwezi. Bill Clements, aliyeongoza bodi ya chuo kati ya vipindi vyake viwili vya ugavana wa Texas, alikiri Machi 1987 kwamba alishiriki uamuzi huo. Kwa maoni yangu kilichowaua ni huo uamuzi wa mezani kuliko zile dola.

Hukumu ilitoka Februari 25, 1987. Msimu wa mwaka huo ukafutwa, na wa 1988 wakanyimwa mechi za nyumbani, nao wakaona afadhali wasicheze kabisa. Wachezaji waliruhusiwa kuhama papo hapo, na makocha wa vyuo vingine wakafurika kampasi kama watu waliosikia mnada. Waliporudi 1989 wakiwa na vijana wachanga, Houston waliwapiga 95-21. Mechi ya heshima ya mwisho wa msimu hawakuiona tena mpaka 2009.

Baada ya hapo kamati ilishika silaha nyepesi. USC, chuo cha Los Angeles, mwaka 2010 walipunguziwa nafasi 30 za ufadhili wa masomo na kuzuiwa mechi za mwisho wa msimu kwa miaka 2. Chuo cha Tennessee, mwaka 2023, walitozwa faini ya zaidi ya dola milioni 8, ambayo chuo cha ukubwa ule hulipa na kuendelea na safari.

Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa. SMU nao wako ACC, moja ya ligi kubwa za vyuo, tangu 2024. Ili wapokelewe, walikubali kukaa miaka 9 bila mgawo wa fedha za televisheni za ligi hiyo. Pengo hilo linazibwa na matajiri wa timu.