Shahada ya Uzamivu katika Hisabati: Mwombaji Anakwenda Kupata Nini?

Walimu wa hisabati wa sekondari hapa Kigoma Ujiji wanaponiuliza kuhusu shahada ya uzamivu (PhD), wengi huanza kwa kutaka kujua watasoma masomo mangapi. Shahada za chini hupimwa kwa yale ambayo mwanafunzi ameyaelewa, lakini uzamivu hupimwa kwa jambo ambalo kabla yake halikuwa likijulikana. Kwa hiyo kubwa ambalo programu humpa mwanafunzi ni swali lisilo na jibu, pamoja na muda na msimamizi wa kumwongoza katika kulitafuta.

Mfano uko hapa Kigoma, kwenye mwalo wa Kibirizi wa Ziwa Tanganyika, ambako dagaa na samaki aitwaye mgebuka hushushwa pamoja, ilhali ziwani dagaa ni chakula cha mgebuka. Mwaka 1926 mwanahisabati wa Italia, Vito Volterra, alichapisha jibu la swali alilopewa na mkwewe, Umberto D'Ancona, mtaalamu wa wanyama. D'Ancona alikuwa ameona katika takwimu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adriatiki kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, uvuvi ulipopungua, sehemu ya samaki walao wenzao iliongezeka. Volterra aliandika milinganyo miwili tu, mmoja wa kasi ya kuongezeka kwa anayeliwa na mwingine wa mlaji, akaonyesha kwamba uvuvi wa wastani unaowakumba wote wawili huwapunguza walaji na kuwaongeza wanaoliwa.

Mwanafunzi wa uzamili angeweza kuishia hapo, akaifafanua milinganyo hiyo na kuichorea grafu. Wa uzamivu ndiyo kwanza anaanza. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, dagaa alipumzishwa, lakini mgebuka naye alipumzishwa. Je, nani alinufaika zaidi, na kwa muda gani? Sisemi kwamba hatua hiyo ilikuwa na kasoro, bali kwamba milinganyo miwili haitoshi kuihukumu. Mgebuka mchanga hula vijidudu vya majini kabla hajakua na kuwinda dagaa, upepo wa kusini wa kiangazi huibua virutubisho kutoka kina cha chini, na ziwa lenyewe ni la nchi nne. Kuunda mfumo unaobeba mambo hayo, kisha kuthibitisha kwamba una suluhisho na kwamba suluhisho hilo ni thabiti, ni kazi ya kutosha tasnifu nzima. Wako pia wanaochagua hisabati isiyohitaji ziwa wala samaki, kama nadharia ya namba, nao hawana upungufu wowote.

Kwa upande wa utaratibu, nchini Tanzania mwombaji hutakiwa kwa kawaida awe na shahada ya uzamili, na masomo hayapungui miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Arusha ni miongoni mwa vinavyopokea waombaji. Nchini Marekani vyuo vingi humpokea mwenye shahada ya kwanza, humpitisha katika mitihani mikali ya awali, na humlipa posho kwa kufundisha wanafunzi wa chini huku akisamehewa ada, ila safari nzima huchukua takriban miaka mitano au sita. Mwenye familia aipime tofauti hiyo kabla ya kuvutiwa na jina la chuo.

Ushauri wangu, ambao baadhi ya wenzangu huuona mkali mno, ni kwamba mwombaji amchague msimamizi kabla ya kuchagua chuo. Asome makala mbili au tatu za msimamizi huyo, ajaribu kuurudia uthibitisho mmoja kwa mkono wake, na aandike mahali alipokwama. Barua inayosema, “nimesoma makala yako, nimeshindwa kuvuka hatua ya pili ya uthibitisho, na nadhani sharti hili linaweza kulegezwa,” husomwa hadi mwisho, wakati barua ya kurasa nne inayoeleza jinsi mwombaji anavyoipenda hisabati tangu utotoni huwekwa kando, hata kama yote yaliyomo ni kweli.