DNA na ukoo wa Kiayalandi: yanayosemwa sana na yaliyo kweli

Mei 2011 Barack Obama alifika Moneygall, kijiji cha Kaunti ya Offaly katikati ya Ayalandi, akanywa Guinness baani na kusalimiana na kijana wa pale aliyetambulishwa kuwa ndugu yake. Huku kwetu wengi tulishamfunga Obama Kogelo, upande wa mama hatuna habari nao. Kumbe huko kuna mzee aitwaye Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliyeondoka Moneygall mwaka 1850 akiwa na miaka 19, baa la njaa likiwa bado halijaisha, akavuka bahari hadi Marekani. Obama ni kining'ina wake.

Kisa hiki hutajwa kila watu wanapozungumzia vipimo vya DNA, na anayekitaja huamini kwamba DNA ndiyo iliyofichua siri. Siyo. Mwaka 2007 watafiti wa nasaba walifuata karatasi za Marekani kurudi nyuma hadi Moneygall, kisha kasisi wa Kanisa la Ayalandi, yaani la Kianglikana, akafungua rejesta za zamani za parokia na kuikuta familia imo. Hakuna aliyetema mate kwenye kichupa. Sasa tuyapitie yanayosemwa.

"Pima DNA, upate ukoo wako"

Kipimo hakitoi ukoo. Kinatoa orodha ya watu waliopima kama wewe, na kiasi cha DNA mnachochangia, kikihesabiwa kwa sentimogani, kipimo cha urefu wa vipande vya DNA. Majina ya wazee wenu, mwaka waliohama, kijiji walichotoka, hayo yote hayamo kwenye mate.

Tena DNA hupungua haraka. Kila mzazi hukupa nusu ya alizonazo, na nusu ile huchaguliwa bila mpangilio. Watoto wa ndugu wawili huchangia kama asilimia 12.5. Wajukuu wa ndugu wawili, kama asilimia 3. Vitukuu wa ndugu huwa chini ya asilimia 1, na kati ya kila jozi 10 za namna hiyo kama jozi moja haionyeshi undugu wowote kwenye kipimo. Wakifika vilembwe wa ndugu, karibu nusu yao hawaonekani kabisa kuwa ndugu, ingawa ni ndugu.

Turudi kwa Obama. Kearney ni mmoja kati ya wazee wake 32 wa kizazi kile, kwa hiyo kwa wastani amemwachia kama asilimia 3 ya DNA. Yule kijana wa baani wanakutana naye vizazi tisa nyuma, na uwezekano wa wawili hao kuchangia kipande kinachopimika ni chini ya asilimia 1. Wangepima wote wawili, kipimo kingewaambia hawahusiani. Rejesta inasema ni ndugu, na rejesta ndiyo iliyo sahihi.

"Matokeo yamesema mimi ni Muayalandi asilimia 40"

Hili ndilo watu hulifurahia kuliko yote, na ndilo la kuaminiwa kidogo kuliko yote. Asilimia hizo ni makadirio: kampuni inalinganisha DNA yako na ya kundi la watu iliowachagua kuwakilisha eneo fulani. Ikibadilisha kundi au hesabu, nawe unaamka na asilimia nyingine bila wazee wako kuhama hata kidogo. Kutenganisha Ayalandi na Uskoti ni kazi ngumu zaidi, maana watu wamekuwa wakivuka ule mkondo mwembamba wa bahari tangu zamani, na kuanzia 1609 maelfu ya Waskoti na Waingereza walipewa ardhi Ulster, kaskazini.

Utafiti wa kweli upo, lakini hufanywa kwa namna nyingine. Mwaka 2017 mradi wa ramani ya DNA ya Ayalandi ulichapisha matokeo ya watu 194 ambao wazee wao wa vizazi kadhaa walitoka eneo moja, ukakuta makundi 10: saba ya asili ya Kigaeli, yaani ya wenyeji wa tangu kale, na matatu yaliyochanganyika na Uingereza. Ni kazi nzuri sana, ila bado haimwambii mtu jina la babu yake.

Na ile hadithi ya Waayalandi wenye nywele nyeusi kuwa kizazi cha mabaharia wa Kihispania waliovunjikiwa merikebu mwaka 1588? Wengi waliofika ufukweni hai waliuawa. Nywele nyeusi zilikuwapo Ayalandi kabla ya Mhispania yeyote kuzama.

"Kila kitu kiliungua 1922, kwa hiyo ni DNA au basi"

Hapa pana nusu ya ukweli. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa pale Four Courts, Dublin, lililipuka na kuteketea. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zikaenda karibu zote, pamoja na wasia na rejesta nyingi za Kanisa la Ayalandi. Lakini sensa za 1861 na 1871 hazikuuawa na moto: serikali yenyewe iliziharibu baada ya kuzitumia. Za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lawama zote huangushiwa bomu, wakati karani naye alishiriki.

Kilichobaki si haba. Sensa za 1901 na 1911 zipo mtandaoni bure. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo kwa watu wote ulianza 1864, na ndoa zisizo za Kikatoliki 1845. Rejesta za parokia za Kikatoliki hazikuwa Four Courts. Picha zake ziliwekwa wazi na Maktaba ya Taifa mwaka 2015. Kuna pia uthamini wa ardhi wa Griffith, uliofanywa kati ya 1847 na 1864, unaotaja wakuu wa kaya kitongoji kwa kitongoji, na vitongoji vya Ayalandi ni zaidi ya 60,000. Tangu Juni 2022 kuna hazina ya kidijitali inayokusanya nakala za yaliyoungua kutoka maktaba za nchi mbalimbali.

Mfano mmoja unanifurahisha kuliko yote. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo waliomba watafutwe kwenye sensa za 1841 na 1851 kuthibitisha umri. Karani alitafuta, akaandika alichokiona kwenye fomu. Sensa ikaungua, fomu zikabaki, na leo zinasomeka: mtoto wa miaka minne, wazazi wake, kitongoji chao. Pensheni hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wengi walizeeka miaka 15 kati ya sensa ya 1901 na ya 1911. Ukikuta umri umeruka hivyo, usikimbilie kusema huyu ni mtu mwingine.

"Jina ni lilelile, basi ni ukoo uleule"

Murphy wa Wexford na Murphy wa Tyrone walipata jina kila mmoja kwa njia yake. Kelly nao ni koo kadhaa. Halafu kuna O' na Mac za mwanzoni mwa majina, ambazo familia nyingi ziliziacha chini ya utawala wa Waingereza na baadhi wakazirudisha mwishoni mwa karne ya 19, hata ndugu wa tumbo moja wakajikuta na majina mawili. Kearney, Carney na O'Kearney wanaweza kuwa watu wa nyumba moja, kwa sababu karani aliandika alivyosikia.

Kipimo cha kromosomu Y, kinachofuata mstari wa baba kwa baba, husaidia hapa kutenganisha koo zenye jina moja. Lakini nacho kimezaa dhana yake. Mwaka 2006 watafiti wa Trinity College, Dublin, walionyesha kuwa alama moja ya Y, iitwayo M222, imejaa kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, wakaihusisha na mfalme wa kale Niall wa Mateka Tisa. Tangu hapo kila mwenye alama hiyo ni mwana wa mfalme! Baadaye ilionekana alama yenyewe ni ya zamani kuliko Niall. Unaweza kuwa nayo na usiwe na damu yake hata tone.

Majina ya kwanza nayo huchanganya. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza aliitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Mkikuyu akisoma hapa atajiona nyumbani, mpaka afike kwa binti wa kwanza, ambaye Waayalandi walimpa jina la bibi mzaa mama. Desturi hii huacha parokia moja na vijana watano waitwao Patrick Kelly, wote wajukuu wa Patrick Kelly mmoja.

Kuhusu maafisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York, kubadilisha majina yao: hawakuwa wakiyaandika upya. Walisoma orodha za abiria zilizoandaliwa na kampuni za meli. Mengi yalibadilishwa na wenyewe, baada ya kufika.

Ellis Island ina kisa kingine cha kufundisha. Msafiri wa kwanza kupokelewa pale, tarehe 1 Januari 1892, alikuwa Annie Moore wa Cork, akiwa na wadogo zake wawili. Kwa miaka mingi iliaminika alikwenda Texas na kufa huko 1923, na familia moja ilijivunia hadithi hiyo kwa nia njema kabisa. Mtafiti Megan Smolenyak akagundua kuwa Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois. Akaweka zawadi ya dola 1,000 kwa atakayempata yule wa kweli, watu wakajitokeza na nyaraka, na mwaka 2006 ikajulikana kuwa Annie wa kweli hakuhama New York: aliolewa, akazaa, akafa 1924 na kuzikwa Queens katika kaburi lisilo na jiwe. Jiwe liliwekwa 2008. Nyaraka zilikuwapo miaka yote, ila mtu mmoja asingeweza kuzikusanya peke yake.

"Tumelingana, kwa hiyo kazi imekwisha"

Kulinganishwa ni mwanzo. Tuseme uko Boston na umebaki na jina moja tu: Bridget Kelly, aliyezaliwa miaka ya 1840 "Ayalandi". Orodha yako ina maelfu ya watu. Chukua mmoja ambaye mnajua mnapokutana, labda mjukuu wa dada ya bibi yako, uone nani wengine wanalingana nanyi wote wawili. Hao wape rangi moja; ni wa upande ule. Ukikuta wawili kati yao wasiojuana, mmoja Australia na mwingine Manchester, na wote wametaja parokia moja ya Roscommon, hapo ndipo pa kuchimba. Sasa zile picha za rejesta zina maana, kwa sababu unasoma parokia moja badala ya nchi nzima. Kumbuka pia kwamba Bridget anaweza kuwa Delia kwenye karatasi za Marekani.

Jihadhari na visiwa na pwani ya magharibi, kama Achill na Connemara, ambako familia zimeoana kwa vizazi vingi. Huko watu huonekana ndugu wa karibu kuliko walivyo, maana wanakutana kwa njia tatu au nne. Na wanaopima wengi ni vizazi vya waliohama; waliobaki Ayalandi hawana haja ya kipimo kuambiwa ni Waayalandi. Kwa hiyo mwenye ufunguo wako huenda hayumo kwenye hifadhi yoyote ya DNA. Yuko Mayo, anajua nani alizikwa wapi, na hajui kuwa unamtafuta.

"Cheti cha kuzaliwa hakidanganyi"

Ayalandi kinaweza. Wapo watoto waliosajiliwa moja kwa moja kwa majina ya waliowalea, kana kwamba wao ndio waliowazaa. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kuwa majalada ya shirika moja la kuasili watoto yalionyesha visa 126 vya aina hiyo. Hapa, na hapa tu, nakubali kwamba DNA inashinda karatasi. Waliolelewa hivyo walizungushwa miaka mingi hadi sheria ya 2022 ilipowapa haki ya kuona taarifa za kuzaliwa kwao. Wengi walikuwa wameshapata jibu kwa njia ya ndugu waliolingana nao. Ila nyuma ya jibu kuna mama, pengine yu hai, na pengine wanawe wengine hawajui chochote. Barua ya kwanza kwa familia kama hiyo isiwe na shutuma wala siri nzima.

"DNA yangu ni yangu peke yangu"

Nusu ni ya ndugu yako pia. Mwaka 2023 wezi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za 23andMe, kampuni ya vipimo vya DNA, na kwa kupitia huduma ya kuonyesha ndugu wakafikia taarifa za watu milioni 6.9. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji wa zamani baada ya kupata ndugu zake wa mbali kwenye GEDmatch, tovuti ambako watu hupakia matokeo yao ya DNA kuyalinganisha. Kabla ya kumpima mzazi, mweleze haya, na akubali mwenyewe.

Anayelingana nawe asipojibu, usimchukie. Huenda alipewa kipimo kama zawadi ya Krismasi na hajafungua akaunti tena. Mwandikie ujumbe mfupi: mnalingana sentimogani ngapi, mko kundi gani, unatafuta jina gani na parokia gani, na wewe una nini cha kumpa. "Naomba mti wako wote" hakujibiwi. Na kama una shangazi wa miaka 80 na hela za kipimo kimoja tu, mpime yeye badala yako, maana yuko kizazi kimoja karibu zaidi na waliohama. Akikataa, mwombe akutajie parokia aliyobatizwa mama yake.