Je, wajua? Utumbo hupiga yowe ukivamiwa na virusi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto akiharisha kwa kirusi cha rota, kile cha chanjo ya matone kliniki, wanaopigana ni seli nyeupe za damu peke yao. Ukuta wa utumbo niliuona kama ukuta tu, unabomolewa huku ukisubiri askari. Niliposikia habari za interferoni, protini ambazo seli hutoa zikivamiwa na virusi, nikaongeza kosa la pili: nikadhani ni sumu ya kuulia virusi.

Interferoni haimgusi mvamizi kabisa. Kazi yake yote iko kwa seli zetu wenyewe.

Hilo lilianza kuonekana London mwaka 1957. Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa yai la kuku lenye kiinitete, wakaviloweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Majimaji yaliyopatikana wakayapeleka kwenye vipande vipya, kisha wakaleta virusi hai. Virusi vikadoda. Hapakuwa na kuku mzima wala damu inayozunguka, ni utando na majimaji tu, na ndani ya majimaji hayo mlikuwa na interferoni.

Kirusi hakina jiko. Kinaingia na karatasi ya mapishi, kinapikia kwako. Seli ya utumbo ikishahisi RNA ya kigeni, yaani karatasi hiyo ya mapishi, ndani yake, hupiga yowe, yaani humwaga interferoni nje. Jirani akiipokea, mamia ya jeni zake huwaka. Jirani huyo hazimi jiko papo hapo. Anaweka ndoo ya maji kando yake. Mgeni akiingia na karatasi yake, protini moja inamwagia moto maji, utengenezaji wa protini unasimama. Nyingine inaita mkasi wa kukatakata RNA, na mkasi huo hauchagui: hata mapishi ya mwenye nyumba huchanika. Analala njaa, lakini na mgeni halali ameshiba.

Yowe lenyewe lina aina zake. Interferoni alfa na beta husikika karibu mwili mzima. Waliowahi kuchomwa alfa kutibu homa ya ini aina ya C wanaijua ile homa na maumivu ya viungo. Lamda, iliyotangazwa mwaka 2003, ni yowe la mtaani: vipokezi vyake viko hasa kwenye seli za kuta, kama za utumbo na njia ya hewa. Kwa utando wenye unene wa seli moja, unaopitiwa na chakula na bakteria kutwa kucha, kelele ndogo inafaa zaidi.

Mwaka 2015 panya wenye maambukizi sugu ya norovirusi, kirusi kingine cha utumbo, walipewa lamda, wakapona utumboni hata wale wasio na seli B wala T, yaani seli nyeupe za damu zinazolenga mvamizi mahususi. Hapo ndipo imani yangu ya askari ilipokufa rasmi. Ila panya si mtoto, na kwa kirusi cha rota matokeo hubadilika kulingana na aina ya kirusi na umri wa panya.

Kirusi cha rota nacho si mjinga. Kina protini iitwayo NSP1, ambayo huzipeleka jalalani protini za seli zinazoanzisha yowe. Nyumba inaweza kuporwa yote, na jirani wa ukuta kwa ukuta hajasikia kitu.