Wimbo Haujaisha, Geuza Santuri: Muziki wa Zamani na Namna ya Kuuokoa Nyumbani

Chukua santuri ndogo ya muziki wa dansi ya miaka ya 1970, iweke kwenye mashine, usikilize. Mwimbaji anatoa kilio chake, wenzake wanaitikia, magitaa yanaanza kuchangamka, halafu karibu na dakika ya nne sauti inafifia. Wimbo haujaisha, ila nafasi ndiyo iliyoisha. Ukigeuza upande wa pili utakuta jina lilelile na namba 2, na huko ndiko lilikopelekwa chemko, kile kipande cha kasi ambacho watu ukumbini walikuwa wakikingojea tangu mwanzo.

Historia ya muziki pendwa wa Afrika Mashariki tumezoea kuisimulia kwa majina ya waimbaji na bendi. Lakini chombo kilichobeba sauti nacho kilishiriki kuutunga wimbo: kiliamua urefu wake, kiliamua nani ausikie, na leo kinaamua kama utasikika tena. Mwenye sanduku la kaseti chini ya kitanda anapaswa kulijua hili kabla hajashika bisibisi.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika na kila upande ulibeba takriban dakika tatu. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa barazani bila haraka, kwa ubeti juu ya ubeti, ikabidi ipunguzwe ienee humo. Hata hivyo safari ile ndiyo iliyolipeleka Kiswahili cha Unguja kwenye kila nyumba na mgahawa uliokuwa na gramafoni pwani nzima.

Kuanzia 1933 HMV ikaleta Afrika santuri za muziki wa Kuba katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV. Wasikilizaji wa Kongo na wa Tanganyika walisikia humo midundo iliyokuwa imevuka bahari na watumwa na sasa inarudi. Athari yake unaisikia katika majina yenyewe: mjini Morogoro Salum Abdallah aliunda bendi mwaka 1948, ikaja kuitwa Cuban Marimba. Upande wa Katanga, Kongo, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, akiimba Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika besi na shahada ikicheza sauti ya juu. Mtu mmoja alisikika kama wawili, na wapiga gitaa wa Kenya walimsikiliza kwa makini sana.

Kisha ikaja santuri ndogo ya mizunguko 45, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1949. Hii ndiyo iliyogawa wimbo wa dansi vipande viwili. Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka kuingia sokoni ilipitia Nairobi. Huko mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alijipatia wasikilizaji wengi wa Kenya, na ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, walioanzisha Simba Wanyika, waliukuza mtindo uliokaa masikioni mwa Wakenya kwa miaka mingi. Kiswahili chao cha Tanga kilisikika hadi bara, mahali ambapo lugha za nyumbani zilikuwa nyingine kabisa.

Dar es Salaam hali ilikuwa tofauti. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ikabadilishwa jina kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na mwanamuziki alilipwa mshahara, ndiyo maana alipohama alikwenda na sauti yake tu. Kila bendi ililinda mtindo wake kama bendera: Msondo ya NUTA, Sikinde ya Mlimani Park, Saboso ya Western Jazz, Masika ya Mbaraka. Redio Tanzania ilipitia mashairi kwanza, kisha ikarekodi bendi nzima kwa pamoja kwenye kanda kubwa za studio. Kanda ya aina hiyo huenda zaidi ya nusu saa bila kugeuzwa, kwa hiyo hapo wimbo ulipata kupumua. Usishangae ukikuta wimbo uleule wa redio una ubeti au chemko ambalo santuri haina.

Kaseti, iliyotengenezwa na Philips na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963, ilikuja kuvunja utaratibu wote huo. Ilikuwa rahisi, ilichezwa kwa betri, na mtu yeyote aliweza kurekodi. Wanamuziki waliumia, kwa sababu vibanda vilinakili nyimbo zao mchana kweupe bila kuwalipa senti. Lakini kaseti ilibeba pia kile ambacho redio ilikataa: wimbo wa Remmy Ongala kuhusu kondomu na UKIMWI haukupigwa na redio ya taifa, na watu wakausikia kwa kaseti. Rap ya Kiswahili, iliyozaa Bongo Fleva, nayo ilianza hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kunakiliana mkono kwa mkono. Na wasikilizaji nyumbani walirekodi redio, usiku baada ya usiku. Baadhi ya kanda hizo zina rekodi ambazo hazikuwahi kuchapwa popote.

Kwa nini zinaharibika

Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma ulioshikwa kwa gundi. Unyevu wa pwani huifanya gundi ilainike na ukungu uote pembezoni mwa utepe. Joto huupinda. Kaseti za dakika 60 ndizo imara zaidi. Za dakika 120 zina utepe mwembamba karibu nusu ya ule wa 60, nazo hunyooka, hukunjika na kumezwa na mashine. Hizo zinakiliwe mapema kabla ya nyingine zote. Kuna pia kipande kidogo cha sponji kinachobana utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma utepe. Kikidondoka, sauti huwa hafifu na kukatikakatika, na watu hudhani kanda imekufa ilhali ni kipande tu cha kubadilisha.

Santuri za 78 zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao sheleki, mwingi wake ukitoka India. Ni nzito, na ukiziangusha huvunjika kama sahani. Za 45 ni za plastiki. Hazivunjiki upesi, ila hupinda zikilazwa au kuachwa juani.

Kusafisha

Santuri ya plastiki ioshwe kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mistari, si kukatiza. Lebo ya katikati isilowe. Suuza, kausha ikiwa imesimama kivulini. Dukani ukiomba maji ya betri hakikisha hupewi asidi. Santuri ya 78 usiiguse kwa spiriti hata kidogo: spiriti huyeyusha sheleki, na mstari wa sauti huondoka pamoja na uchafu. Kosa hili hufanywa na watu wenye nia njema kabisa.

Sindano nazo hutofautiana. Mistari ya 78 ni mipana na inataka sindano yenye ncha ya takriban maikromita 75; santuri ndogo za plastiki zinataka ya 18 hadi 25. Ukiweka nene kwenye 45 unachimba wimbo, ukiweka nyembamba kwenye 78 inatembea chini kwenye uchafu na kukupa mkwaruzo mtupu. Sarafu juu ya mkono wa sindano, ile dawa ya zamani ya santuri inayoruka, itolewe. Uzito unaofaa 45 kwa mashine ya kisasa ni takriban gramu 1.5 hadi 2.5, na sarafu moja huweza kuuongeza mara kadhaa.

Kwa kaseti, kazi ya kwanza ni kuvunja vijino viwili vilivyo mgongoni mwake, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Yenye ukungu, ule unga mweupe unaoonekana dirishani, isiingizwe kwenye mashine: ukungu hubaki kwenye hedi na kuambukiza kaseti inayofuata. Itenge kwenye mfuko wake, mpelekee fundi au mhifadhi. Iliyo safi izungushe kwa penseli kwanza uone kama inakwenda, kisha ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha bila kuicheza, ili tabaka zilizogandamana ziachiane. Ikikwama, fungua skrubu tano na uhamishie utepe kwenye ganda la kaseti nyingine. Utepe uliokatika usiungwe kwa selotepu ya ofisini, kwani gundi yake huvuja na kushikisha tabaka za jirani. Upo utepe maalumu wa kuungia.

Safisha hedi kwa kijiti cha pamba chenye spiriti safi isiyo na mafuta. Rola ya mpira isuguliwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa maana spiriti huukausha mpira na kuupasua.

Kunakili

Tumia deki ya kaseti inayofanya kazi vizuri, si redio ya mkononi. Belti iliyolegea huteremsha sauti na kuitikisa, na Mbaraka aliyeshushwa nusu toni si Mbaraka. Sauti ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi, mara nyingi hedi imekaa upande. Kuna skrubu ndogo kando yake, izungushe kidogo kidogo huku kanda ikicheza hadi mlio wa matoazi usikike wazi kabisa. Kila kaseti ilirekodiwa na mashine yake, kwa hiyo marekebisho haya hurudiwa kwa kila kaseti. Hatua hii moja ina faida kuliko programu zote za kusafisha sauti.

Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti la deki, uingie kwenye kifaa cha kubadilisha sauti kuwa dijitali, si tundu la maikrofoni la kompyuta, ambalo huzidiwa na mara nyingi hupokea upande mmoja tu. Mashine ya santuri lazima ipitie amplifaya yenye sehemu ya fono. Bila hiyo utapata sauti nyembamba isiyo na besi. Audacity ni programu ya bure na inatosha.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96 katika faili la WAV. Saa moja ya sauti ya stereo huchukua takriban gigabaiti 2. Diski ikiwa ndogo, kilohezi 48 inakubalika na hushusha ukubwa kwa nusu. MP3 ni ya kumtumia ndugu kwenye simu. Isiwe nakala pekee, kwa sababu inachotupa hakirudi.

Kiwango cha sauti kipimwe kwenye chemko, si kwenye beti. Wimbo wa dansi huanza kwa upole, na ukipima hapo, tarumbeta zikiingia dakika ya tano kila kitu kitapasuka. Kilele kiwe takriban desibeli 6 chini ya mwisho wa kipimo.

Pande A na B za santuri zihifadhiwe kama faili mbili. Unaweza kuziunganisha katika nakala ya kusikiliza, ila asili isiguswe. Vivyo hivyo usikate sauti ya mtangazaji, taarifa ya habari au salamu za wasikilizaji zilizonaswa kabla ya wimbo. Hizo ndizo mara nyingi hutupa mwaka na mwezi.

Andika kila unachokiona: jina la wimbo, bendi, mtunzi, namba ya lebo, na namba iliyochongwa kwenye eneo tupu karibu na katikati ya santuri. Weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba. Kaseti asili isitupwe; isimamishwe wima kwenye kasha lake, mbali na sakafu, spika na dirisha la jua.

Kumiliki kaseti si kumiliki wimbo. Kunakili ili isipotee ni jambo moja, kuipandisha mtandaoni ni jingine, na familia za watunzi wengi wa zamani bado zina haki. Uliza kwanza taasisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya.

Faili likiwa tayari, kaa na mzee aliyekuwa akienda dansini na umpigie wimbo mzima, simu ikirekodi maneno yake kwa ridhaa yake. Muulize nani anaimba sauti ya pili, nani anapiga solo, na kama waliucheza hivyo ukumbini au kulikuwa na ubeti mwingine. Lebo za santuri mara nyingi hutaja bendi na mtunzi tu. Majina ya waliobaki yanakumbukwa na watu hao, na kila mwaka wanapungua.